Sharti la Saba

9 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mzee wako. Sisi huku hatujambo. Baba yuko vizuri isipokuwa magoti, na magoti yenyewe hataki yatajwe. Juzi aligombana na mwenye nyumba kuhusu bomba la uani, akashinda, na sasa anatembea kama mtu aliyeapishwa. Anasema nikuandikie kwamba redio uliyomletea haijaharibika, ni betri tu, na kwamba wewe ulisema itaharibika.

Samahani kwa kuandika badala ya kupiga simu. Wewe mwenyewe ulisema kwenye simu mimi hujibu “salama” hata nyumba ikiungua.

Nina swali, na samahani kama nakusumbua. Unajua nilipata ukarani katika idara ya hisabati ya chuo kikuu, ile inayoshughulika na hesabu za kupanga mambo: malori yapite wapi, maghala yajengwe wapi, nani afanye kazi lini. Wenye tatizo wanalileta, watafiti wanaligeuza kuwa hesabu, na kompyuta inatafuta mpango ulio bora kuliko mingine yote. Mimi hesabu hizo nilizisomea lakini sizifanyi. Nachapa, natunza majalada, na ripoti ikikamilika nahakiki ukurasa wa masharti. Huo ni utaratibu wa idara tangu zamani. Kila mpango una masharti usiyopaswa kuyavunja, nayo yanaandikwa moja moja kwenye ukurasa wa mwisho. Karani anachukua matokeo ya kompyuta, anayalinganisha na kila sharti, anatia alama ya vema, kisha anatia sahihi. Siku ya kukabidhi anasimama mbele ya wenye kazi na kuusoma ukurasa wote kwa sauti. Profesa, mkuu wetu, anasema afanye karani kwa sababu mtafiti huona anachotaka kuona.

Sasa tunamalizia ratiba ya zamu za wauguzi. Imeanza kujaribiwa katika hospitali chache, na yenu nimeiona kwenye orodha. Inakwendaje? Nauliza tu. Samahani tena.

Mwanao


2 Machi

Mwanangu Samahani,

Marahaba. Jina hilo nilikupa ukiwa na miaka minane na bado hujalichakaza. Barua yako ina samahani nyingi kuliko habari.

Mimi mzima. Mzee anajenga banda la kuku. Kuku wenyewe hajawanunua, lakini ameshaanza kuwagombeza watoto wa jirani wasiwasumbue. Binamu yako amepata kazi ya kushona sare za shule na vidole vyake vimejaa matundu. Mwambie kaka yangu kwamba redio inayokula betri hivyo imeharibika, akubali tu.

Haya. Mtu akisema “nauliza tu” najua hakuuliza tu. Ratiba yenu imebandikwa ukutani, ina rangi tatu, inapendeza. Wiki iliyopita nilikesha wodini, na saa moja asubuhi, wakati wa kukabidhi, nikaangalia nani anapokea. Ni mimi. Nakabidhi wodi, na anayepokea ni mimi mwenyewe. Nijisalimie?

Nikamfuata Matroni. “Hapa pamekosewa,” nikamwambia.

“Sista, hii imetoka chuo kikuu. Kompyuta imepitia mipango yote ikachagua huu.”

“Basi iletwe hiyo kompyuta ije igeuze wagonjwa.”

Wenzangu walicheka, yeye hakucheka. Si mtu mbaya. Miguu yake imevimba kama yetu.

Sasa mimi ndiye ninayeuliza, na siulizi tu. Kwenye huo ukurasa wako kuna sharti la mtu kupumzika? Kama lipo, mbona mwilini mwangu silioni? Nijibu kama mtoto uliyelelewa nyumbani kwangu miaka yote ya sekondari. Majibu ya karani ninayo hapa wodini.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba ameanza kuwafundisha watoto wa nyumba hii sehemu na desimali barazani, bila mtu kumwomba. Anapaza sauti mpaka wapita njia wanajibu. Redio hajaikubali.

Umeniuliza, nami nimekaa na barua yako muda mrefu kuliko inavyostahili. Sharti lipo. Ni la saba: muuguzi aliyetoka zamu ya usiku asipangiwe zamu nyingine kabla hajapumzika kwa muda wa saa kumi na moja. Aliyeliandika ni mtafiti mmoja anayesomea uzamivu. Ofisini tunamwita Masharti, kwa sababu yeye ndiye huyaandika, na kwa sababu ya tabia yake pia.

Mwaka jana walipoiendesha hesabu ikiwa na masharti yote, kompyuta ilijibu mstari mmoja: hakuna ratiba. Watu wengi wakisikia hivyo hufikiri kompyuta imeshindwa. Haikushindwa. Ilithibitisha kwamba kwa wauguzi waliopo na vitanda vilivyopo, hakuna mtu, awe na akili kiasi gani, anayeweza kupanga zamu hizo na kila mmoja akapumzika. Hilo nalo ni jibu, Shangazi. Kwenye kazi yetu ni jibu kamili.

Nilikuwa chumbani nikiandika muhtasari wa kikao. Profesa alisema, “Haiwezekani si ripoti. Wametuomba ratiba.”

“Tuwaambie waajiri watu,” Masharti akajibu.

“Hawakutuuliza waajiri au wasiajiri.”

“Hesabu ndiyo imewajibu, Profesa. Hawakuiuliza, lakini imewajibu.”

Profesa akaligeuza sharti la saba kuwa faini. Ni jambo la kawaida katika fani hii, wala si wizi. Unaiambia kompyuta: kila ukimnyima mtu mapumziko unatozwa alama kadhaa, jitahidi zisizidi. Kompyuta haina haya. Inalipa alama na kuendelea. Ratiba ikatoka, na ni bora kuliko zote zinazoweza kupatikana kwa kulivunja lile sharti. Neno “bora” pale ni kweli kabisa. Lakini ukurasa wa masharti haukubadilishwa. Sharti la saba limeandikwa vilevile, kwa herufi zilezile, na kisanduku chake kinasubiri vema yangu.

Nimelinganisha. Katika hospitali za majaribio tu, kwa mwezi mmoja, limevunjwa mara mia mbili na kumi na nne. Nilirudia kuhesabu nikitumaini nimekosea.

Nikaenda kwa Profesa. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikaificha chini ya jalada.

“Profesa, samahani, hili la saba...”

“Faini ni namna ya sharti, kijana. Ni sharti laini.”

“Ila ukurasa unasema ‘asipangiwe’.”

“Weka vema. Wakishaipokea, tutalirekebisha awamu ya pili.” Akavua miwani, akaifuta. “Mkataba wako unaisha Juni, sivyo? Ningependa ubaki.”

Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniogopesha. Afadhali angefoka.

Ripoti ikikabidhiwa, ratiba itaanza kutumika katika hospitali zote. Nami unajua Baba anaishi kwangu, na unajua nilivyosubiri kazi hii. Niambie nifanye nini. Ukisema nitie vema, nitatia.

Mwanao


25 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na sijui kama barua imepotea au nimekuudhi. Nimepiga simu mara kadhaa. Kila mara anapokea Mzee na kusema uko sokoni. Jana nilipiga usiku makusudi.

“Yuko sokoni,” akasema.

“Saa hizi, Mzee? Soko gani hilo?”

“Soko kubwa,” akasema, akakata.

Baba hajambo. Ameona sili chakula, akaniuliza kama nimependa mtu. Nilimwambia ni kazi. “Afadhali ungependa,” akasema.

Masharti amemwandikia Profesa kwamba kama ukurasa utatoka ulivyo, jina lake liondolewe kwenye ripoti. Profesa amemjibu kwamba tasnifu yake inaweza kusubiri mwaka mwingine. Sasa anapita kwenye korido bila kumsalimu mtu isipokuwa mimi, na salamu yake ni kuniangalia kalamu.

Kukabidhi ni tarehe 17 Mei. Nikilala naiona ile vema. Kitu kidogo namna ile, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kuichora. Tafadhali niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Mwanao


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mzee wangu hajui kudanganya. Nilimwambia aseme nimetoka. Soko kaliongeza mwenyewe, halafu akanilaumu kwamba nimemtia kwenye dhambi ya soko. Kuku wamefika. Ni wanne na wanamwogopa.

Barua yako haikupotea. Nilikuwa nyumbani muda wote. Nimesimamishwa kazi tangu mwisho wa Machi.

Wodini kwetu kuna binti, hata mwaka wa kwanza hajamaliza. Alikesha, na asubuhi ratiba ikampokea tena. Akasinzia kasimama, dawa mkononi, akampa mgonjwa dawa ya kitanda cha pili. Tulimwahi, mgonjwa yu hai. Binti akaandikiwa onyo, wakaliita “uzembe”. Nilikuwepo, mwanangu. Nilimwona anajipiga makofi mashavuni ili asilale.

Siku chache baadaye zamu ya namna hiyo ikanifikia mimi tena. Nilimsubiri muuguzi wa pili afike ili wodi isibaki peke yake, nikamkabidhi, nikavua aproni.

“Unakwenda wapi?” Matroni akauliza. “Ratiba inasema uko kazini.”

“Ratiba imelala usiku kucha, Matroni. Mimi sijalala.”

Nikatoka. Jioni wakanipa barua ya kusimamishwa, na wamenitaka niandike kuomba radhi. Sijaandika.

Nilinyamaza makusudi. Ningekueleza ungekataa kutia sahihi kwa ajili ya shangazi yako, na siku mambo yakikubana ungesema nilikuponza, na ungekuwa na haki. Sasa nakueleza kwa sababu umemhangaisha Mzee wa watu, na kwa sababu hesabu yako ulishaifanya kabla hujajua habari zangu. Mia mbili na kumi na nne ingekuwa hivyo hivyo hata kama mimi ningekuwa muuza vitambaa.

Umeandika kwamba nikisema utie vema utatia. Sikwambii utie. Sikwambii usitie. Ulitaka nikubebee hilo, na mimi mgongo wangu umeshachoka na kubeba watu. Kuogopa hakuna ubaya. Nilipovua ile aproni niliogopa mpaka nikashika ukuta. Ila uoga wako usiubatize jina la busara. Uite uoga, ukae nao, kisha ufanye unachofanya.

Msalimie kaka yangu. Habari za kusimamishwa kwangu usimwambie. Atakuja, na hapa hakuna nafasi ya hasira zake na kuku kwa pamoja.

Shangazi yako


19 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajambo. Kila mtu hajambo. Niruhusu niende moja kwa moja.

Juzi tulikabidhi. Unaujua ukumbi wa namna ile: meza ndefu, majagi ya maji, mapazia yaliyofungwa ili picha za ukutani zionekane. Mkurugenzi wa hospitali, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyoning’inia kifuani, alikuja na watu wake watatu. Profesa alieleza kwa ufasaha, na michoro yake ilikuwa mizuri. Aliposema “ratiba iliyo bora” walitikisa vichwa. Kisha akanigeukia. “Karani atatusomea masharti.”

Asubuhi ile nilikuwa nimeuchapa ukurasa upya. Hakuna aliyeukagua, maana hakuna anayeukagua kamwe. Mimi ndiye mkaguzi.

Nikasimama. La kwanza, limetimizwa. La pili, limetimizwa. Walikuwa wanakunywa maji, mmoja anafunga mkoba. La sita, limetimizwa. Hapo sauti ikakatika, Masharti akainua kichwa kule nyuma alikokaa.

“La saba,” nikasoma. “Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku asipangiwe zamu nyingine kabla hajapumzika kwa muda wa saa kumi na moja. Halikutimizwa. Limevunjwa mara mia mbili na kumi na nne kwa mwezi wa majaribio.”

Profesa akacheka kidogo. “Kijana amechanganya kurasa.”

“Sikuchanganya, Profesa.”

“Soma tena,” Mkurugenzi akasema, akavaa miwani.

Nikasoma tena. Safari hii sauti haikukatika. Ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

“Na maana yake, kwa lugha ya watu?”

“Ni suala la kitaalamu,” Profesa akaanza, “kuna sharti gumu na sharti laini...”

“Nimemuuliza aliyesoma.”

“Maana yake wauguzi hawatoshi,” nikasema. “Hesabu ya kwanza, yenye masharti yote, ilijibu kwamba haiwezekani. Mnaweza kuongeza watu au kupunguza vitanda. Ratiba pekee haitawatoa hapo, hata tukiipanga miaka kumi.”

“Huyu ni karani,” Profesa akasema.

“Sahihi hapa chini ni ya nani?” Mkurugenzi akauliza, akiunyooshea kidole ukurasa.

“Yangu,” nikasema.

“Unajua ulichotia sahihi?”

“Nakijua. Nilikihesabu mara mbili.”

Masharti akasimama. “Sharti hilo nililiandika mimi. Alichosoma ndicho kilichotokea.” Akaketi.

Mkurugenzi hakupokea ripoti. Hakuikataa pia. Alichukua ukurasa wa mwisho tu, akaukunja, akautia kwenye mkoba, akasema watatuandikia. Hakuniangalia vizuri, Shangazi. Sidhani kama alifurahi. Watu waliokuja kuchukua ratiba wakaondoka na “haiwezekani” hawawezi kufurahi.

Kwenye korido Profesa alinisubiri. “Ungeniambia.”

“Nilikuambia.”

“Ulikuja kwangu ukitetemeka. Nilidhani unaomba ruhusa.”

“Bado natetemeka, Profesa. Ruhusa siombi.”

Leo asubuhi nimepewa barua: mkataba hautaongezwa. Pamoja nayo kulikuwa na agizo niandike ukurasa mwingine kabla Juni haijaisha, sharti la saba liwekewe vema na maelezo kwamba ni laini. Nimejibu kwa maandishi kwamba sitaandika, na nakala nimeiweka kwenye jalada mwenyewe, maana jalada bado ni kazi yangu. Nitakuja ofisini mpaka siku ya mwisho, nimechomekea shati. Atakayeuomba ukurasa nitampa ulivyo.

Kwa Baba nilikwenda na barua mkononi. Aliisoma, akazima redio, na hilo hajawahi kulifanya kwa ajili ya mtu.

“Ulikosea hesabu?” akaniuliza.

“Hapana.”

“Basi keti tule.”

Nikamweleza na habari zako pia. Najua ulinikataza. Amepiga meza mpaka vikombe vikaruka, kisha akasema umemrithi mama yenu. Anakuja wiki ijayo. Waweke kuku mahali.

Naogopa Julai. Sina mpango wowote wa Julai. Lakini kisanduku cha saba kiko wazi, na hakuna mwingine wa kukijaza isipokuwa mimi.

Mwanao


10 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena, hii ya pili ni kwa ajili ya ukumbi ule.

Kaka yangu amefika. Siku ya kwanza alinigombeza kwa kusimamishwa kazi, siku ya pili akamgombeza Matroni kwenye simu, siku ya tatu akamgombeza Mzee kuhusu mlango wa banda. Sasa wanajenga banda jingine pamoja na hawasemeshani. Wana furaha sana.

Usidhani umeshinda vita. Ratiba haijaondolewa hapa kwetu, wanasema “inatafakariwa”. Ila kwenye hospitali nyingine haikupelekwa, na hilo nimelisikia kwa watu watatu tofauti. Onyo la yule binti limefutwa. Na mimi nimeitwa kazini bila barua ya radhi, si kwa kupendwa, ni kwamba hawana mtu.

Nilirudi juzi. Jambo la kwanza nikaenda ukutani kuangalia. Alhamisi usiku nimepangwa, Ijumaa saa moja asubuhi nimepangwa. Yule binti vivyo hivyo. Wote tutakaokesha Alhamisi, ratiba inatupokea tena Ijumaa.

Nikawakalisha wenzangu chumba cha chai, nikawasomea barua yako, ile sehemu ya la saba. Niliisoma vibaya, ikabidi binti amalizie. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja akauliza, “Kumbe walijua?” Kisha tukaandika kwa Matroni, sote, kila mtu na sahihi yake, kwamba Ijumaa tunakabidhi wodi saa moja na hatupokei. Tumewapa wiki nzima ya kutafuta watu.

Matroni alikuja na karatasi ile mkononi. Macho yalikuwa mekundu, na sikujua kama ni hasira au ni usiku.

“Na wagonjwa? Ijumaa saa moja nani atapokea wodi?”

“Lipeleke swali hilo juu, Matroni,” nikamwambia. “Sisi tumelijibu miaka yote hii.”

Akachukua kalamu mfukoni mwangu bila kuniomba, akatia sahihi yake chini ya zetu, akaondoka nayo kwenda ofisi ya juu.

Njoo Julai. Kitanda chako cha sekondari bado kipo, na chuo cha uuguzi hapa jirani kinatafuta mwalimu wa hesabu za dawa. Siahidi kitu. Kwenye mahojiano watakuuliza kwa nini uliachishwa kazi. Waambie.

Shangazi yako, ambaye Ijumaa asubuhi, wakimtafuta, wamtafute kitandani kwake